Baridi iliyomchoma binti yangu, itahifadhije mbegu za kaka yake?

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga. Nakuandikia usiku watu wakiwa wamelala, maana jambo lenyewe mchana sina wa kulizungumza naye.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 21, yuko chuoni. Mwaka jana alianza kuvimba shingo. Uvimbe wenyewe hauumi, lakini kila jioni homa, na usiku jasho la kulowesha shuka. Pale tulipoanzia walisema ni kifua kikuu, akameza dawa na uvimbe ukazidi kukua. Mwisho akakatwa kinyama kikapelekwa kupimwa, jibu likaja kuwa ni saratani ya mitoki, ile inayoitwa Hodgkin. Tukaandikiwa rufaa ya Dar es Salaam. Daktari wa huko alitupokea vizuri, akatuambia ugonjwa huu hupona kwa watu wengi, hasa vijana, na kwamba dripu za kemo, yaani dawa za kuua saratani, zitaanza baada ya wiki mbili.

Tulipokuwa tunainuka kuondoka ndipo akamwambia mwanangu, nami nipo palepale, kwamba kabla ya dripu ya kwanza akatoe mbegu zake za uzazi zigandishwe na kuhifadhiwa, kwa sababu dawa zinaweza kumfanya asipate mtoto. Kijana aliinamisha kichwa. Mimi niligeukia dirishani. Safari nzima ya basi mpaka Tanga hatukuligusa jambo lile, na mpaka leo hatujaligusa.

Nikamweleza baba yake. Akasema mtoto kwanza apone, mbegu zitarudi zenyewe, kijana wa miaka 21 zimwishie wapi? Mama mkwe akasikia, akasema yeye hataki mjukuu wa barafu, tena ni haramu. Nikamwendea kaka yangu, ambaye ni mhimilishaji wa ng'ombe, yaani huwapandikiza ng'ombe mbegu za dume zilizogandishwa. Huzunguka na mtungi wake kwa wafugaji wa maziwa kuanzia Pongwe mpaka Muheza. Akanijibu, "Dada, hilo jambo dogo, ni nitrojeni ileile ninayobeba mimi kwenye pikipiki." Alitaka kunituliza. Mimi ndiyo nikazidi kuogopa.

Nitrojeni hiyo naijua, Shangazi. Binti yangu wa mwisho, ana miaka 11, alitoka chunjua vidoleni, tukampeleka kliniki ya ngozi. Daktari alichovya kijiti cha pamba kwenye kikombe kinachofuka moshi mweupe, akamgusisha. Mtoto alilia kwa uchungu. Kesho yake likajaa lengelenge la damu, kisha ngozi ikafa na kubanduka. Chunjua imeondoka, lakini mahali pake pamebaki baka jeupe mpaka leo.

Sasa akili yangu inakataa. Baridi iliyoua nyama ya kidole cha mtoto, itahifadhije mbegu zikiwa hai? Zikitoka huko si zitakuwa zimeungua? Mtoto atakayezaliwa atakuwa mzima? Umeme ukikatika je, nasi tunaujua umeme wetu? Na dini inasemaje? Zaidi ya yote, nitamwambiaje mwanangu wa kiume maneno hayo, mimi mama yake?

Mama wa Ngamiani, Tanga

*

Marahaba mdogo wangu. Pole kwa mzigo, na pole kwa kuubeba peke yako usiku. Jibu fupi nilikutumia kwa simu siku ileile nilipoisoma barua yako, kwa kuwa siku za kijana haziwezi kungoja zamu ya safu hii: mpeleke, na mpeleke kabla ya dripu ya kwanza. Leo nakujibu kwa urefu, pia kwa ajili ya nyumba nyingine zenye mgonjwa kama wako ambaye hakuna aliyemwambia neno hili.

Nianze na swali lako kubwa, maana umeuliza jambo ambalo wataalamu wenyewe waliliuliza kwa miaka mingi. Ndiyo, ni baridi ileile. Nitrojeni ni hewa tunayovuta, sehemu 78 kati ya 100 za hewa ni hiyo. Ikipozwa mpaka nyuzi 196 chini ya sifuri inakuwa maji, na hayo ndiyo yaliyomo kwenye kikombe cha daktari wa ngozi, kwenye mtungi wa kaka yako, na kwenye matangi ya kuhifadhia mbegu za binadamu. Kinachoamua kama kitu kitakufa au kitabaki hai si ukali wa baridi. Ni mambo matatu: kimegandishwa kwa kasi gani, kilikuwa na kinga gani kabla ya kuganda, na kimeyeyushwa vipi.

Mwili wetu umejaa maji. Maji yakiganda huwa fuwele za barafu zenye ncha. Fuwele zikijitengeneza ndani ya seli huipasua. Zikijitengeneza nje yake huyavuta maji ya ndani, seli ikanyauka na chumvi iliyobaki ikaiunguza. Daktari wa ngozi anautaka uharibifu huo. Humwagia chunjua baridi ghafla kwa sekunde 10 au zaidi, kisha huiacha iyeyuke yenyewe polepole, kwa sababu wakati wa kuyeyuka taratibu fuwele ndogo huungana zikawa kubwa na kumaliza kazi. Mara nyingine hugandisha tena. Kuganda haraka na kuyeyuka taratibu ndiyo namna ya kuua, na ndivyo alivyofanyiwa binti yako, kwa usahihi kabisa.

Kwenye maabara ya uzazi kila kitu hupinduliwa. Kwanza mbegu huchanganywa na kimiminika cha kuzikinga, na ndani yake mna gliserini, hiihii wanayopaka watu ngozini, ila hiyo ni safi ya maabara. Gliserini huingia ndani ya mbegu ikashika nafasi ya sehemu ya maji, hivyo fuwele hazipati pa kukua. Mara nyingi huongezwa na kiini cha yai la kuku, kinacholinda utando wa nje. Kisha mbegu hutiwa kwenye vichupa au mirija myembamba, zikapozwa kwa hatua, mara nyingi kwa kuning'inizwa kwanza kwenye mvuke wa nitrojeni, ndipo zikazamishwa. Siku ya kuzitumia huyeyushwa haraka, kwenye joto kama la mwili. Huku kinga hutangulia na kuyeyusha ni kwa haraka.

Hata hivyo sitakuficha: si zote zinazoamka. Kwa kawaida karibu nusu ya mbegu hupoteza mwendo wake baada ya kuyeyushwa. Ila kijana hutoa mamilioni kwa mara moja, na tangu 1992 iko njia, iliyoanzia Brussels, ambamo mtaalamu huchukua mbegu moja na kuiingiza ndani ya yai moja kwa sindano nyembamba chini ya hadubini. Kwa njia hiyo hata akiba ndogo inatosha. Hilo ni muhimu kwenu, kwa sababu Hodgkin yenyewe, hata kabla ya dawa, hupunguza wingi na ubora wa mbegu kwa baadhi ya wagonjwa. Mkiambiwa kipimo si kizuri, msirudi nyumbani mkasema haina faida.

Kaka yako alisema kweli, na tena ng'ombe na kuku wametutangulia. Mwaka 1949 watafiti watatu wa London, Chris Polge, Audrey Smith na Alan Parkes, walikuwa wanajaribu kugandisha mbegu za jogoo kwa maji ya sukari na kila mara zilikufa. Siku moja zikaamka. Walipochunguza chupa wakakuta kibandiko kilichanganywa: hakikuwa kimiminika cha sukari, kilikuwa na gliserini ndani yake. Ugunduzi huo ndio uliofungua milango, na leo kituo cha taifa cha uhimilishaji pale Usa River, Arusha, hutoa mbegu za madume bora zinazosafiri ndani ya nitrojeni mpaka kwa wafugaji wetu. Kwa binadamu, mimba za kwanza za mbegu zilizogandishwa zilitangazwa mwaka 1953 huko Iowa, Marekani. Waliozaliwa wakati huo ni wazee sasa. Mmeuliza kama mtoto atakuwa mzima: kugandisha mbegu hakujaonekana kuwaongezea watoto kasoro za kuzaliwa. Mwambie mama mkwe, kwa adabu yake, kwamba mtoto huyo hukaa tumboni miezi tisa kama mwingine, na barafu hajawahi kuiona.

Lakini naomba hili lisikike vizuri. Asije mtu wa nyumbani akapata wazo la mtungi wa mjomba. Mbegu za binadamu huhifadhiwa kwenye maabara yenye kumbukumbu, lebo na sahihi, na kabla ya kupokelewa mwenyewe hupimwa virusi vya Ukimwi na homa ya ini ya B na C. Sababu ni kwamba baridi haiui virusi. Virusi hukaa ndani ya nitrojeni vikatoka vikiwa vizima, kwa hiyo akiba ya mtu mmoja isiwe hatari kwa ya mwenzake.

Umeme usikutie hofu. Tangi lile halichomekwi ukutani. Ni ndugu mkubwa wa chupa ya chai: kuta mbili na utupu katikati, kifaa alichokibuni James Dewar mwaka 1892 kwa kazi hiihii ya kutunza hewa iliyopozwa ikawa maji. Usiku mzima wa giza haulipashi moto. Adui yake ni usahaulifu, kwa sababu nitrojeni huchemka na kupungua kidogo kidogo, na lazima mtu aongeze. Machi 2018 matangi ya kliniki mbili za Marekani, moja Cleveland na nyingine San Francisco, yaliharibika, na maelfu ya mayai na viinitete vya watu, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa, vikaathirika. Kwa hiyo mkifika kliniki ulizeni bila haya: nani huongeza nitrojeni, kila baada ya muda gani, king'ora kikilia usiku nani anakisikia, na je, mnaweza kuigawa akiba katika matangi mawili? Kliniki nzuri haikasiriki kwa maswali hayo.

Na muda wa kukaa humo? Kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri uhai husimama, hakuna kinachozeeka. Uingereza yuko kijana aliyehifadhiwa mbegu mwaka 1979 akiwa na miaka 17, kabla ya kutibiwa saratani ya korodani. Zilikaa miaka 21, zikatumika, na mkewe akajifungua mtoto wa kiume mzima. Sheria ya nchi hiyo sasa inaruhusu akiba kukaa hadi miaka 55. Mwanao ana nafasi ya kumaliza chuo, kuoa kwa wakati wake, na kuiacha akiba palepale asiiguse kama hataihitaji.

Sasa kwa baba. Anasema zitarudi zenyewe, na nataka asomewe sehemu hii, maana ana nusu ya ukweli. Dawa zinazotumika zaidi kwa Hodgkin, mchanganyiko uitwao ABVD, huwaacha wanaume wengi wakirudiwa na mbegu, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja au miwili. Lakini leo hakuna anayejua kama mwanao ataishia hapo. Ugonjwa ukigoma au ukirudi, huja dawa kali zaidi, na baadhi yake huzima kiwanda cha mbegu moja kwa moja kwa wanaume wengi. Wakati huo mtu hukimbizana na maisha, na mbegu nzuri huenda hazipo tena. Kemo haichagui. Huwinda kila seli inayogawanyika haraka, nazo seli zinazotengeneza mbegu ni miongoni mwa zinazogawanyika haraka kuliko zote mwilini. Mbegu moja huchukua takriban miezi miwili na nusu kutengenezwa, na zinazokutwa njiani na dawa huweza kuharibika vinasaba. Ndiyo maana daktari alisema kabla ya dripu ya kwanza. Hakusema ya pili. Na kwa sababu hiyohiyo, wakati wa matibabu na kwa muda baada yake, atakaoelezwa na daktari, kijana asimpe mtu mimba.

Nimefanya unesi miaka mingi, na ninachokiona kwenye barua yako ni daktari wa kushukuriwa. Wagonjwa wengi huingizwa kwenye matibabu bila kuambiwa neno hili, wakapona, wakaja kulia miaka kumi baadaye na wake zao wakinyooshewa vidole. Usiache ushauri huo uanguke kwa sababu ya haya yetu ya pwani.

Kuhusu haya hiyo: wewe si wa kumwambia. Mila zetu zimeshaliwekea mtu wake, naye ni mjomba. Kaka yako anaijua nitrojeni kwa mikono yake, analo neno jepesi, na ni mwanamume. Mpe kazi hiyo. Wakae wawili, amweleze, waende Dar es Salaam pamoja, amsubiri nje. Kazi yako ni neno moja tu kwa mwanao: "Mwanangu, lile alilosema daktari mimi nimeliridhia, mjomba wako atakwenda nawe." Basi. Hatakujibu, ataitikia kwa kichwa, na moyo wake utatua.

Mjomba amtayarishe kwa mambo haya. Kliniki za upandikizaji mimba zipo Dar es Salaam, na nyingine Nairobi. Waanze kwa kumwomba daktari wa saratani barua na simu ya kliniki anayoiamini. Mbegu hutoa mwenyewe, kwa faragha, katika chumba cha peke yake hapo kliniki, na ni vyema awe amejizuia siku mbili mpaka tano. Siku zikiruhusu, arudie mara mbili au tatu. Haiwezekani kutoa Tanga na kubeba kwenye basi, kwani inatakiwa ifike maabara ndani ya saa moja hivi ikiwa na joto la mwili. Kama kijana amedhoofika au hofu imemzidi akashindwa, aseme. Si jambo la ajabu, na ziko njia nyingine za kitabibu za kuzipata. Waulize gharama ya mwanzo na ada ya kila mwaka, na zote ziandikwe. Miaka mitano ya ada ni mzigo tofauti na siku moja ya malipo, afadhali mjue mapema ukoo uchange kwa hesabu.

Zipo karatasi za kusaini. Atasaini yeye, si wewe wala baba yake. Ni mtu mzima na mali ni yake. Mahali pamoja kwenye karatasi hizo pataumiza: ataulizwa, akifariki, akiba ifanyweje? Najua moyo wa mama unaweza kwenda wapi hapo. Mwache aandike ziharibiwe. Usimwombe vinginevyo, na usimwekee mgonjwa wa miaka 21 deni la kukuachia mjukuu.

Hapo ndipo tunaingia kwenye dini. Mwaka 1980 Sheikh Jad al-Haqq, Mufti wa Misri wakati huo, alitoa fatwa kwamba mume na mke wanaweza kusaidiwa kitabibu kupata mtoto nje ya tumbo, mradi mbegu ni ya mume, yai ni la mke, na ndoa ipo. Akakataza mtu wa tatu asiingie kati. Maulamaa wengi wameujengea msimamo huo kuhusu kuhifadhi: mbegu zibaki za mwenyewe, zilindwe zisichanganywe, zitumike na mke wake wa halali akiwa ndani ya ndoa. Kifo au talaka hufunga mlango huo, ndiyo maana nimekwambia aandike ziharibiwe. Namna ya kuitoa nayo huulizwa, na wanaoitazama kama haja ya matibabu huipa hukumu ya haja. Mimi si mwanachuoni. Mume wako na mjomba waende kwa sheikh mnayemwamini, wamweleze kila kitu pamoja na tarehe ya dripu, jibu lipatikane wiki hii. Mama mkwe akiletewa neno kutoka kwa sheikh ataona tofauti na akiletewa neno kutoka kwa mkwewe. Wasomaji wangu Wakristo nao wazungumze na wachungaji na mapadri wao, kwani Kanisa Katoliki lina msimamo mkali zaidi kuhusu kutunga mimba maabara.

Kwa wenye mabinti wagonjwa niseme kwa ufupi. Nao wana njia, ila ni ndefu zaidi. Yai la mwanamke ni seli kubwa iliyojaa maji, ndiyo maana lilisumbua. Mtoto wa kwanza wa yai lililogandishwa alizaliwa Australia mwaka 1986. Leo mayai hugandishwa kwa kasi kubwa mno ndani ya kinga nzito, mpaka maji yakawa kama kioo bila fuwele hata moja. Kabla yake binti huchomwa sindano za homoni kwa takriban wiki mbili, kwa hiyo daktari aulizwe siku ileile ya majibu. Asiyeweza kungoja anaweza kuhifadhiwa kipande cha ovari, kiungo kinachotunza mayai, na mwaka 2004 Ubelgiji alizaliwa mtoto kwa njia hiyo. Kwa mvulana ambaye hajabalehe hakuna mbegu za kuhifadhi, na majaribio ya kugandisha tishu ya korodani bado yako kwenye utafiti.

Nirudi kwa binti yako na baka lake, maana umelitaja kama jambo dogo na najua si dogo kwa mtoto wa kike. Seli zinazotengeneza rangi ya ngozi yetu ni dhaifu kwa baridi kuliko nyingine zote. Hufa kwenye nyuzi chache tu chini ya sifuri, wakati seli za kawaida za ngozi huvumilia mpaka karibu nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi. Ngozi hupona kwanza, rangi huchelewa. Kwa watu weusi alama hiyo huonekana sana, na daktari alipaswa kuwaambia kabla. Kwa wengi rangi hurudi taratibu kwa miezi, ikianzia pembeni. Kwa wachache, hasa ikigandishwa kwa muda mrefu, baka hubaki. Msipake mkorogo wala dawa ya kutafuta rangi. Mkinge na jua, na mpe muda.

Chunjua zikimrudia, msikimbilie baridi tena. Chunjua ni kirusi cha jamii ya HPV, na kwa watoto nyingi huondoka zenyewe ndani ya miaka miwili, kinga ya mwili ikishaamka. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2010 ulipima wiki 13: chunjua za kawaida zilizogandishwa zilipona karibu nusu, zilizopakwa asidi ya salisili 15 kati ya 100, lakini zile za nyayoni hazikuonyesha tofauti kati ya njia hizo. Kwa mtoto anayeogopa, asidi ya salisili ya duka la dawa, ikipakwa kila siku kwa uvumilivu wa wiki nyingi, haina kilio. Wembe hapana. Maji ya betri hapana, nimeona vidole vilivyoharibiwa navyo. Na mkigandisha tena, tazama kijiti cha pamba: kilichogusa mgonjwa kisirudi kwenye chombo kikuu, kwa sababu ile niliyokwisha kuitaja, kirusi hakifi kwa baridi. Kinachoiondoa chunjua ni ngozi yenye ugonjwa kufa na mwili kumtambua adui.

HPV ina ndugu zake wabaya zaidi wanaoleta saratani ya mlango wa kizazi, na hapo ndipo ninapokugeukia wewe, uliyeandika barua nzima bila kujitaja. Una mtoto wa miaka 21, umo kwenye umri wa kupimwa. Nenda hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu nawe, uulizie kipimo cha siki. Nesi hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, na pakibadilika weupe inaweza kuwa dalili ya awali, kabla haijawa saratani. Dalili hiyo inaweza kutibiwa siku hiyohiyo kwa kugandishwa, kwa kawaida dakika tatu, ikaachwa iyeyuke dakika tano, ikagandishwa tena tatu. Vituo vingine hutumia joto badala ya baridi. Hulazwi, na unarudi nyumbani kwa miguu yako. Na binti wa miaka 11 yumo kwenye umri wa chanjo ya HPV, wa miaka 9 hadi 14, ambayo tangu 2024 hapa Tanzania ni dozi moja tu. Haitaondoa chunjua za vidoleni, kazi yake ni huko mbele. Muulize mwalimu wake kama shule yao ilishachanjwa na kama siku hiyo alikuwepo. Kama hakuwepo, mpeleke kituoni siku hiyohiyo unayokwenda kupima.

Shangazi